Madumu Yaliyompokea Waziri

Jina la nchi hiyo hatulitaji. Wenyewe wanataka litajwe pamoja na sifa, na msimulizi wa habari hii sifa zilimwishia tangu wiki iliyopita. Itoshe tu kujua kwamba ni nchi yenye ukarimu mkubwa, na kwamba ukarimu huo una wizara, una magari, na una mihuri ya ukubwa mbalimbali.

Watu waliokimbia vita kwao wakavuka mpaka na magodoro kichwani hawaitwi wakimbizi huko. Neno hilo lilifutwa kwa tangazo kwa sababu lilionekana kuwahuzunisha mawaziri. Wanaitwa Wageni Waheshimiwa. Kambi nayo haiitwi kambi, inaitwa Kituo cha Ukarimu Namba Nne, na uzio wa seng'enge unaoizunguka unaitwa Kumbatio. Mgeni akitoka nje ya Kumbatio bila kibali hurudishwa kwa virungu, maana wenyeji hawapendi kuona mgeni anaondoka mapema.

Katika kituo hicho, Mtaa wa Tisa, aliishi mwanamke anayeitwa Mwavita, mwenye miaka hamsini na minane na mjukuu mmoja. Kwao Mwavita alikuwa fundi bomba. Miaka ishirini na miwili alilitumikia shirika la maji la mji wao, na hakukuwa na koki mjini pale ambayo hakuwahi kuitia mkono. Siku ya kuandikishwa alimwambia karani, "Andika fundi bomba." Karani alitafuta kwenye fomu upande wa wanawake, hakuona kisanduku cha fundi bomba, akaandika "mama wa nyumbani". Kisha akamwonea huruma, akaongeza "mwenye bidii".

Wageni walikuwa elfu nane na vyoo vilikuwa sabini. Wafadhili wakaandika barua kulalamika kwamba utaratibu unataka kila familia iwe na choo chake. Bwana Lukindo, Msimamizi Mkuu wa Kituo, mtu mpole asiyepaza sauti, aliwachukua wataalamu wake wakakaa hotelini siku tatu kutafakari. Siku mbili za mwanzo walizungumzia kuchimba mashimo, wakachoka. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mmoja wao akapata njia nyepesi. Likatoka tangazo kwamba kuanzia Jumatatu familia maana yake ni watu wote wanaotumia choo kimoja.

Jumatatu ilipofika, kila familia ilikuwa na choo chake na hapakuwa na hata moja iliyopungukiwa. Mwavita aliamka akiwa na ndugu mia na kumi na wawili, wote wa Choo Namba Arobaini na Moja. Mmoja wao alikuwa Nabintu, mama kijana wa hema la pili, aliyesimama mbele yake kwenye foleni ya choo na mtoto mgongoni.

"Karibu kwenye ukoo, mdogo wangu," Mwavita akamwambia.

"Asante, dada. Sasa baba yetu ni nani?"

"Si huyo hapo mbele? Subiri zamu, utamwingia."

Walicheka mpaka foleni nzima ikageuka kuwatazama. Lakini udugu ule ulishika. Watu wa Arobaini na Moja walianza kuitana dada na kaka kwa utani, na baada ya muda utani ukawa umeisha na udugu umebaki.

Baada ya vyoo kukamilika namna hiyo, wizara ilihamia kwenye mikono. Kila choo kikapewa kibuyu chirizi, kile kidumu kidogo kinachoning'inizwa kwenye miti miwili, chenye kamba chini ya kukanyagia ili kiiname na maji yachirizike mtu anawe. Pembeni pakaning'inizwa kipande cha sabuni, na tangazo la kukataza kuitumia sabuni hiyo kabla haijakaguliwa. Mwezi uliofuata akaja afisa wa Utafiti wa Maji, Vyoo na Usafi wa Kaya, amebeba madodoso.

"Kaya hii ina mahali pa kunawia mikono?" akamuuliza Mwavita.

"Ni kile kibuyu chirizi. Ila hakina maji, na kamba yake imekatika."

"Mama, swali ni kama mahali papo. Habari za maji zina dodoso lake."

"Hilo linakuja lini?"

"Lilishapita. Hatukuwakuta, mlikuwa mmekwenda kuteka maji."

Walikuwa wamekwenda korongoni, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na kurudi, kuchota maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Mbuzi wa wenyeji walikunywa upande wa juu na Wageni Waheshimiwa walichota upande wa chini, jambo lililoelezwa kwenye taarifa za wizara kama ujirani mwema.

Cha ajabu ni kwamba Mtaa wa Tisa ulikuwa na bomba. Jipya kabisa, limekamilika tangu wiki kumi na moja zilizopita, limefungiwa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Juu ya kabati ulizungushwa utepe wenye rangi za taifa. Bomba lilikuwa linamsubiri Waziri aje kulizindua. Waziri alitakiwa kuja wiki ya kwanza, akashikwa na mafua. Wiki ya nne ikagundulika kwamba kijani cha utepe kimekolea kupita kijani cha bendera, ukaagizwa mwingine. Wiki ya saba makasi yalikuwa bado yako bandarini.

Wanawake wa mtaa walilisubiri kwa desturi yao. Kila nyumba ilikuwa na madumu mawili ya manjano, moja la kwenda korongoni na moja la kukaa kwenye foleni. Dumu la foleni hufungwa kipande cha kitenge shingoni ili lijulikane ni la nani, likawekwa mahali pake, na mwenyewe akaenda zake. Kwa watu hawa, dumu likishakaa kwenye foleni ni mwenyewe amekaa. Hulisogezi, hulipiti, hulikalii. Wamewahi kupigana vita vya vikombe na masufuria wakavuliana vilemba, lakini dumu la mtu kwenye foleni hakuna aliyeligusa. Kwa hiyo mbele ya bomba lililofungwa yalipangana madumu mia tatu na kumi na mawili, yakakaa wiki kumi na moja, mvua yao na jua lao.

Bwana Lukindo aliyaona, akafurahi. Alitoa Waraka Namba Saba, wenye mihuri miwili, uliosema kwamba kwa kuheshimu mila za Wageni, dumu lililo kwenye foleni lihesabiwe kuwa ni mtu, na mtu aliye mbele ya bomba ahesabiwe kuwa amehudumiwa. Taarifa ikaenda mji mkuu kwamba watu mia tatu na kumi na wawili wa Mtaa wa Tisa wanapata maji. Mji mkuu ukajibu kwa telegramu ya pongezi.

Katika wiki ya nane, katikati ya pongezi hizo, mtoto wa Nabintu, wa miezi tisa, aliharisha siku tatu akafa. Kwenye daftari la kituo, safu ya vifo ilikuwa imefungwa tangu mwaka ulipoanza ili isiharibu wastani, hivyo karani akaandika "amehama". Nabintu aliomba asomewe mara mbili. Mwavita alimshika mkono akamrudisha hemani, na watu wote wa Choo Namba Arobaini na Moja walikaa matanga siku tatu, kama ndugu walivyoagizwa kuwa. Tangu siku hiyo Mwavita alipokuwa akipita mbele ya lile kabati la chuma alikuwa na hasira. Hakuificha, na hakumwomba mtu radhi kwa kuwa nayo.

Kisha Jumanne ya wiki ya kumi na moja, Sifa, mjukuu wake wa miaka minne, akaanza kuharisha.

Kufika Jumatano asubuhi macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Mwavita alimbeba mpaka zahanati. Muuguzi, dada mwenye haraka na moyo mzuri, alimpa pakiti ya dawa ya unga.

"Unachanganya na lita moja ya maji safi na salama, Bibi, unamnywesha kidogo kidogo. Ila maji yawe safi. Ukitia ya korongoni unamwongezea ugonjwa."

"Na hayo safi na salama napewa dirisha lipi?"

Muuguzi alitazama chini. "Hiyo idara nyingine, Bibi. Sisi hapa tuna unga tu. Mzee Lukindo ndiye mwenye bomba."

Mwavita akamwacha mtoto kwa Nabintu, akaenda ofisini. Bwana Lukindo alimpokea vizuri, akampa kiti. Nyuma yake zilipangwa katoni za maji ya chupa, zimeandikwa MSAFARA WA WAZIRI.

"Baba, nataka lita moja ya maji. Mjukuu wangu anakauka."

"Pole sana, Mama. Mtoto wa mgeni ni mtoto wetu."

"Bomba lina maji. Nimeweka sikio kwenye chuma, nayasikia yanavuma mle ndani."

Bwana Lukindo alitabasamu kwa subira. "Mama yangu, bomba ambalo halijazinduliwa, kisheria halina maji. Unayoyasikia ni maji matarajiwa. Nikikupa maji matarajiwa, kesho Mheshimiwa Waziri atazindua nini?"

"Na hizo chupa?"

"Hizo zimeshapangiwa vinywa." Alisogeza karatasi mezani. "Kwa bahati njema, Waziri anakuja kesho. Wakazi wote wa Mtaa wa Tisa watajipanga barabarani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wapunge mikono, waimbe. Mahudhurio yatachukuliwa. Nyumba ambayo haitakuwepo, kadi yake ya mgao itapumzishwa. Bomba litafunguliwa mnamo saa kumi jioni, baada ya hotuba na chakula cha wageni. Namaanisha wageni wa kutoka mjini."

Mwavita alihesabu saa zile kichwani, akaona mjukuu wake hatazifikia. Alitaka kupiga meza. Badala yake aliuliza, kwa sauti ya mama wa nyumbani mwenye bidii, "Baba, ule Waraka Namba Saba bado unafanya kazi?"

"Tena sana. Mihuri miwili."

"Kwa hiyo dumu la mtu likijipanga, ni mtu amejipanga?"

"Ni mwenyewe kabisa. Tunaheshimu mila zenu."

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie mihuri."

Akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye foleni ya choo, mahali pekee katika kituo kizima ambapo askari hawakuwahi kusogea kusikiliza, kwa sababu ya harufu. Alisema na dada wawili waliokuwa mbele yake. Jioni haijafika, mtaa mzima ulikuwa umeenda chooni.

Alhamisi asubuhi Bwana Lukindo alifika barabarani na karani wake akakuta mapokezi yameshajipanga. Madumu yalisimama kuanzia geti la Kumbatio hadi jukwaani, pande zote mbili, kila moja na kitenge chake shingoni. Mengine yalivalishwa vilemba. Mengine yalichomekwa bendera ndogo za taifa mdomoni. Binadamu hapakuwa na hata mmoja.

Karani alifungua daftari, akalifunga, akamtazama bosi wake. Bwana Lukindo alifungua kinywa kutoa amri, na hapohapo king'ora cha msafara kikasikika kilimani. Akawaza haraka. Akisema haya si watu, basi wale mia tatu na kumi na wawili wanaopata maji ni kina nani? Na ile telegramu ya pongezi ataitia kwenye mfuko gani?

"Hesabu," akasema.

Karani akahesabu, akahesabu tena. "Mzee, wako mia tatu na kumi na watatu. Pale mwisho kuna mtu mmoja amezidi. Mdogo."

"Andika. Mahudhurio zaidi ya asilimia mia. Lete muhuri."

Wakati huo Mwavita alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la bomba, na nyuma yake mtaa mzima, kila mtu na dumu lake la pili. Kufuli hakuligusa. Alikuwa amelitazama kabati lile wiki kumi na moja kwa jicho la kazi, na tangu siku ya kwanza alijua kwamba waliolitengeneza waliweka akili yao yote kwenye kufuli na kusahau bawaba. Bawaba zilikuwa nje, zimeshikwa na skrubu nne. Alizungusha ncha ya kisu cha jikoni taratibu, huku vipaza sauti vikileta sauti ya Waziri kutoka barabarani.

"Wageni wetu waheshimiwa! Nimezunguka vituo vingi, lakini sijawahi kuona watu watulivu kama ninyi! Hamsukumani! Hamlalamiki! Kila mtu yuko mahali pake!"

Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili.

"Wapo wanaosema serikali haiwasikilizi. Mimi nasema serikali inawasikiliza, na leo nimesikiliza kwa makini sana, sikusikia lalamiko hata moja!"

Ya tatu ilikuwa na kutu, akaipaka mate. Upepo ulipita kwenye midomo ya madumu kule barabarani ukafanya uvumi mrefu, na Waziri akanyamaza kidogo apokee makofi.

Ya nne. Mwavita aliufungua utepe fundo kwa fundo, akaukunja akaupa mtu aushike. Mlango wa kabati ukaletwa chini mzimamzima, kufuli likiwa limefungwa vilevile kama lilivyofungwa na serikali. Akashika koki, akaizungusha. Bomba likakohoa, likatema hewa, likatema kutu, halafu maji yakaja, meupe, mazito, yakampiga mikononi. Wanawake walipiga vigelegele bila kujali nani anasikia.

Lita ya kwanza alikinga yeye. Alimimina pakiti, akatikisa, akakaa chini na Sifa mapajani. Mtoto alikunywa kijiko, akatapika. Akanywa kingine, kikakaa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili na kukivuta, na Mwavita akalia, akalia wazi, mbele ya ndugu zake wote wa Arobaini na Moja.

Vijiko vilikuwa vimeshafika ishirini msafara, ukiwa umesikia vigelegele, ulipokuja kuzindua kabla ya chakula. Waziri alishuka na makasi mkononi. Aliona maji, akaona wanawake wamepanga foleni, akaona mlango wa chuma umelala chini na kufuli lake.

"Nani kafungua?" akauliza.

Mwavita alisimama na mtoto begani. "Hatujui, Mheshimiwa. Sisi hatukuwepo. Tulikuwa barabarani tunakupokea. Muulize Bwana Msimamizi, ametuandika."

Waziri akamgeukia Bwana Lukindo. Bwana Lukindo alilitazama daftari lililokuwa bado na wino mbichi.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Walihudhuria wote."

"Na hawa mbele yangu ni kina nani?"

Jasho lilimtoka Bwana Lukindo mpaka kwenye tai. Alitafuta kwenye nyaraka zote alizowahi kuzisaini, akaona mlango mmoja tu. "Hawa, Mheshimiwa, ni madumu."

"Yanazungumza!"

"Ni ya toleo jipya, Mheshimiwa."

Waziri akawaambia askari waifunge koki na wayaondoe madumu. Askari wawili wakasogea. Hakuna mwanamke aliyekimbia. Nabintu, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alisimama kati yao na bomba.

"Mmesikia tumeitwa madumu," akasema. "Basi dumu likishakaa kwenye foleni halisogezwi. Ni mila yetu, na ninyi mmeipigia mihuri."

"Koki hii haifungwi tena," Mwavita akaongeza, bila sauti ya mama wa nyumbani. "Mkitaka kuifunga, mtupige hapa, mbele ya hizo kamera zenu. Mtoto mmoja ametosha."

Wapiga picha wa msafara, waliokuwa hawajapata picha yoyote ya maana tangu asubuhi, walinyanyua kamera. Askari walimtazama Waziri. Waziri alizitazama kamera, na alikuwa mtu aliyezoea kuzitii. Akatabasamu. Akatangaza kwamba bomba limejifungua lenyewe kwa furaha ya kumwona, na kwamba jambo hilo halijawahi kutokea katika nchi yoyote jirani. Bwana Lukindo alipiga makofi peke yake.

Kilichobaki kilikuwa utepe, kwa sababu makasi yalikuwa yametoka ng'ambo na lazima yakate kitu. Uliulizwa, ukatafutwa, ukapatikana Choo Namba Arobaini na Moja, umefungwa kwenye kibuyu chirizi mahali pa ile kamba iliyokatika. Kibuyu kilikuwa kimejaa. Waziri aliinama na makasi yake.

"Usikate, Mheshimiwa," Mwavita akamwambia. "Huo unakanyagwa."

Waziri akakanyaga rangi za taifa, kibuyu kikainama, maji yakamchirizikia mikononi. Magazeti ya serikali yalitoa picha hiyo ukurasa wa mbele, na inasemekana ndiyo siku pekee ambayo wizara nzima ilionekana ikinawa.

Ijumaa yake Bwana Lukindo alikuja Mtaa wa Tisa na karani na kifutio cha wino. Sifa alikuwa amekaa mlangoni anakula uji. Bwana Lukindo alizunguka, akakohoa, akasema mji mkuu umeuliza swali dogo. Kituo kina watu mia tatu na kumi na wawili wa mtaa huu, na waliompokea Waziri ni mia tatu na kumi na watatu. Kulikuwa na kidumu kimoja cha lita tatu mwisho wa mstari, kimefungwa kofia ya sufi ya mtoto. Hicho ni cha nani?

"Cha mwanangu," Nabintu akajibu.

"Lakini dada, huyo kwenye daftari amehama."

"Basi jana alirudi. Wewe mwenyewe ulimhesabu, ukampigia muhuri." Nabintu akamsogelea mpaka karani akarudi nyuma. "Kama unataka kumfuta, mfute hapa, mimi nikiwa nakutazama. Na hapo ulipomfuta uandike amekufa, uandike na kilichomuua."

Bwana Lukindo alikishika kile kifutio muda mrefu. Watu wa Choo Namba Arobaini na Moja walikuwa wametoka kwenye mahema yao mmoja mmoja, wamesimama, mikono imelowa. Mwisho alikirudisha mfukoni, akaondoka kwa mwendo wake wa upole.

Daftari halijafutwa mpaka leo. Bomba la Mtaa wa Tisa halina mlango, ule wa chuma wameutandika chini kuzuia tope. Kidumu cha lita tatu kimekaa mbele kabisa ya foleni, na hakuna anayekisogeza. Kila asubuhi, mwanamke wa kwanza kufika hukijaza kile kwanza, ndipo akinge lake.